Sanamu ya Nipe Changu

Mhariri, salaam.

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila gazeti huwa nalisoma la juzi, linanifikia likiwa limeshafungia maandazi, kwa hiyo nisamehe kama najibu jambo ambalo wenzangu wameshalisahau. Kuna msomaji aliandika kwamba masanamu ya kwenye vipilefti na bustani hapa Dodoma ni kuchezea hela, kwamba mji hauna haja ya watu wa saruji wakati watu wa nyama wanagombania ndoo visimani. Nikasoma nikacheka, halafu kicheko kikakata, maana kuna watu wa saruji wawili hapa mjini nimewatengeneza mimi. Sio wote, mifupa yao tu. Na kwa kuwa huyo ndugu kagusa kazi ya mikono yangu naomba na mimi niseme, ila nitazunguka kidogo kabla ya kufika.

Mi fundi wa kuchomelea, niko Chang'ombe, natengeneza mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, matela, chochote kinachoshikana kwa moto. Miaka ya nyuma kidogo akaja bosi mmoja, yeye simtaji na mahali penyewe sipataji maana sitaki kesi, akasema kuna sanamu inajengwa ya watu wawili wanapeana mkono, mmoja mwenyeji ana jembe begani na mwingine mgeni ana begi la safari, anatafuta mtu wa kutengeneza mifupa ya nondo. Nikaipenda hapohapo kabla hata hajasema hela. Maana we angalia, Dodoma ni nini kama sio hiyo? Makao makuu yalitangazwa kuhamia huku 1973, mimi sijazaliwa, wazee wakasubiri mpaka wakachoka, halafu 2016 likatoka neno la kuhama kweli na watu wakaanza kumiminika, wizara na mafaili na watoto na makochi juu ya malori, 2018 tukaitwa jiji. Sensa ya 2012 ilikuta hapa mjini watu laki nne na kitu, ya 2022 ikakuta zaidi ya laki saba. Sasa hivi treni ya umeme tangu 2024 inamleta mtu kutoka Dar asubuhi na jioni anarudi kulala kwake. Ukipanda daladala ya Nzuguni ukauliza wewe kwenu wapi utapata Bukoba, Tanga, Songea, na Mgogo mmoja kakaa dirishani kimya anawasikiliza mnavyolalamikia vumbi lake.

Basi nikafika saiti, nikamkuta mchongaji mwenyewe, mzee wa Kimakonde kutoka pande za Masasi, mfupi, kavaa kofia ya sufi na jua lote lile. Mi nilikuwa najua Wamakonde na mpingo tu, sikujua kama wanafanya na zege. Akaniambia mwanangu, mpingo uko wapi sasa hivi, na mpingo hauwezi kukaa barabarani, ukiuacha juani unapasuka, mpingo ni wa ndani, wa nje ni jiwe, shaba au hii saruji yenu. Tukaanza kazi. Mhariri ngoja nieleze kidogo inavyofanyika maana watu wanadhani mtu anamwaga zege kwenye kifuko chenye umbo la binadamu. Hapana. Kwanza unachimba msingi na nondo za miguu zinaanzia humo chini, mtu wa zege anaota kutoka ardhini kama mti. Unapanda na nondo mpaka kiunoni, mgongo, mabega, unakunja kwa mkono na bomba, unachomelea viungo, sehemu nyingine unafunga kwa waya. Ikifika hapo inaonekana kama mtu wa kuchorwa na mtoto, vijiti vitupu. Kisha unamvalisha wavu wa kuku tabaka mbili tatu, unaubonyeza upate kifua, tumbo, shavu, halafu ndo mchanga na saruji unapigwa kwa mwiko, kidogo kidogo, unaacha unashika, unarudi. Na unamwagilia maji kila siku kama bustani, kwa jua hili la kwetu usipomwagilia wiki nzima zege linakauka kabla halijakomaa, linakuwa kama biskuti.

Mzee ilipofika kwenye mikono akawa mkali. Akasema hapa mwili wote ni mapambo, kazi iko hapa kwenye viganja, hapa wanaposhikana. Akataka nondo ya milimita 12 ipite kipande kimoja kutoka bega la mwenyeji hadi bega la mgeni, isikatwe njiani. Bosi akaleta za 6. Zile tunazofungia pete za nguzo! Tukamwambia bosi hizi hazifai, mkono umenyooka hewani hauna kitu chini, akatujibu kwani mkono unabeba nini, si mkono tu. Mzee akamwangalia akasema mkono unabeba mkono. Bosi akacheka akaenda kwenye gari lake. Nikachomelea za 6, na kwa kuwa hata hizo zilikuwa vipande ikabidi niunge kwenye vifundo pande zote mbili, nakiri hapa mbele ya wasomaji kwamba nilijua. Nilikuwa na ada ya mtoto.

Tuliahidiana laki na themanini. Nikapewa laki. Hiyo themanini nimeidai mpaka simu yake ikawa haipatikani, hilo sio la leo.

Jioni tukimwagilia maji mzee alikuwa anapiga stori, na hapo ndo nikaelewa kwa nini naandika barua hii leo. Alinieleza kuhusu vile vinyago mnavyoviona Mwenge pale Dar, gogo moja limejaa watu wamepandana, huyu kamkanyaga yule bega, huyu kashika mguu wa mwingine, mama, mtoto, babu chini kabisa amewabeba wote. Sisi tunaviita ujamaa. Akasema jina hilo lilikuja baadaye, mtu aliyeanzisha anaitwa Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji akaja Dar miaka ya hamsini, na kinyago chenyewe cha kwanza kilikuwa cha mieleka, mshindi kabebwa mabegani na wenzake wanamshangilia, wenyewe wakakiita dimoongo, yaani nguvu. Hebu fikiria hiyo. Kinyago cha mshindi, lakini kwa kuwa mshindi hawezi kujibeba, waliombeba nao wakaingia, na mwisho waliombeba wakawa ndo kinyago. Mzee akasema kwenye gogo lile huwezi kumchomoa mtu mmoja, ukimchomoa watatu wanaanguka naye, ni mti mmoja. Nikamuuliza sasa mbona barabarani hatuna vya namna hiyo, mbona viko madukani kwa watalii tu? Hakunijibu, akaendelea kumwagilia.

Na kweli Mhariri, hesabu sanamu zetu unazozijua. Nyerere Square hapa kwetu kasimama Mwalimu, peke yake. Addis Ababa kule makao ya Umoja wa Afrika mwaka 2024 wamemzindulia sanamu Mwalimu, tulifurahi wote, peke yake. Dar pale Posta ni Askari, peke yake na bunduki yake. Sina ugomvi na Mwalimu, Mungu apishie mbali, na wahitimu wanaokuja na majoho kupiga picha pale Square siwaonei wivu, mimi mwenyewe nina picha pale na mama watoto tukiwa bado wembamba. Ila picha ile ukiiangalia vizuri, wanaoshikana ni mimi na mke wangu. Aliyeko juu yuko juu.

Huyu Askari ana hadithi ambayo kijana wangu alinitafutia kwenye simu na mimi sikuijua. Alisimamishwa na Waingereza 1927, wa shaba, kwa ajili ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita ya kwanza. Lakini kabla yake kulikuwa na sanamu nyingine hapo Dar, Wajerumani walimweka 1909 gavana wao Hermann von Wissmann. Yule alikuwa juu kabisa kasimama, na chini miguuni pake askari wa Kiafrika amesimama ameinua macho anamwangalia, na chini tena simba aliyekufa kafunikwa bendera. Mnaona? Ile nayo ilikuwa na watu wawili! Lakini huyu yuko juu anatazama mbali na yule yuko chini anatazama juu, hawatazamani. Waingereza walipoingia wakaing'oa wakaipeleka London, baadae ikarudishwa Ujerumani na 1922 ikasimamishwa Hamburg kwenye chuo kikuu, na wanafunzi wa kule kule, Wajerumani wenyewe, wakaiangusha kwa kamba 1967, wakarudishiwa wakaiangusha tena 1968. Sanamu ya namna hiyo hata watoto wa mwenye nyumba wanaichoka.

Kwa hiyo kuweka watu wawili peke yake haitoshi. Na hata kuwaunganisha haitoshi, maana Zanzibar pale Mkunazini karibu na kanisa kuna sanamu ya watu watano wako ndani ya shimo, shingo zimefungwa mnyororo mmoja, aliitengeneza Clara Sörnäs 1998 na mnyororo ule ni wa kweli wa enzi za soko la watumwa, sio wa kuigiza. Mi nilifika pale tulipokwenda kwenye msiba wa shemeji. Nilitaka kupita tu. Nikasimama. Kama fundi wa chuma jicho langu lilikwenda kwenye ule mnyororo, nikaangalia pete zilivyofungwa, nikafikiria kuna fundi mwenzangu mahali fulani alikaa akazipiga hizo pete moja moja, akalipwa, akaenda nyumbani kula. Wale watu wameunganishwa kweli, wameunganishwa na chuma, na kila mmoja anaangalia pake. Ile sanamu iko chini ya usawa wa miguu yako, unainama kuiangalia, na nadhani ndo maana mtu anaondoka pale amenyamaza. Hiyo hela nani atasema ilichezewa?

Sasa turudi kwa wale wawili wangu.

Sanamu ikazinduliwa, sikualikwa, sawa. Mwaka wa kwanza ikakaa vizuri. Mvua zetu mnazijua, zinakuja Desemba zinakwisha Aprili, zikija zinakuja na hasira, halafu kiangazi mchana zege linawaka na Julai usiku baridi ya kuvaa blanketi. Zege lililofunika zile nondo kwenye vifundo vya mikono lilikuwa jembamba sana, maji yakaingia kwenye vinyufa, nondo ikala kutu, na watu hawajui hili, kutu inavimba, nondo yenye kutu inanenepa ndani inapasua zege kutokea humohumo. Masika ya pili, usiku, kikaanguka. Mlinzi anasema alisikia kitu puu akadhani ni mwizi wa betri.

Sasa sikiliza kilichoanguka. Mzee yule viganja alivifinyanga kwa pamoja, salamu nzima ni bonge moja, vidole vya huyu vimeingia kwa yule. Kwa hiyo mikono ilikatika kwenye vifundo, pale pale nilipounga mimi, pande zote mbili, na kilichoanguka chini ni mkono wa salamu mzima, haukuvunjika hata kidole. Mlinzi akauokota, una uzito kama wa jiwe la kusagia, akaupeleka kwenye kibanda chake na mpaka leo anazuilia mlango usipigwe na upepo. Na upepo wa Dodoma mwezi wa nane sio wa mchezo. Nimeenda kuuona. Umekaa pale chini, viganja viwili vimeshikana, hakuna watu.

Na watu wenyewe wamebaki wamesimama wamenyoosheana mikono isiyofika, nondo zimechomoza kama kucha. Ukimwangalia mwenyeji sasa haonekani kama anamkaribisha mtu, anaonekana kama anamdai. Watoto wa mjini hawana dogo, wakaipa jina siku hiyohiyo: Nipe Changu. Na mimi ambaye nadai themanini yangu nilivyosikia nilicheka hadi nikakaa chini. Kijiwe cha bodaboda kikaitwa Nipe Changu. Konda wa daladala anaita Nipe Changu wapo? Mama mmoja aliniambia alikutana na mume wake wa sasa hapo, waliambiana kwa simu tukutane Nipe Changu, kila mmoja akasimama chini ya mtu wake wakawa wanatafutana kumbe wako hatua sita.

Hapo ndo napotofautiana na ndugu aliyeandika. Anasema sanamu haifanyi kazi yoyote. Hii mbovu, iliyokatika mikono, iliyojengwa kwa wizi wa nondo, inafanya kazi kila siku, watu wanakutana chini yake. Je ingekuwa nzima? Visima ni muhimu, nakubali, mimi madumu yangu nayajua kwa majina. Lakini mji wa watu zaidi ya laki saba ambao nusu yao hawajui jirani analala wapi, tunaujenga kwa lami na vioo tu, halafu mahali pa kusimama umsubiri mtu hapana. Kibao kinasema usikanyage majani. Kuna bustani moja mjini, nayo siitaji, niliingia na mjukuu akapanda kwenye kijiwe cha chemchemi, mlinzi akapuliza filimbi kama refa. Nikamwambia kaka, huyu ana miaka minne. Akasema ndo sheria mzee wangu. Mtoto akaniuliza babu, sasa hii ni ya nani?

Kijana wangu huyu wa chuo alivyosikia habari ya Nipe Changu akanionyesha picha, kule Ireland ya Kaskazini, mji wa Derry ambao wengine wanauita Londonderry. Kuna sanamu pale ya Maurice Harron, imesimama tangu 1992, na we hautaamini, iko kwenye mzunguko wa barabara karibu na daraja, kipilefti kabisa. Wanaume wawili wa shaba, kila mmoja juu ya kiukuta chake, wamenyoosheana mikono na haifikiani. Kimebaki kinafasi kidogo tu. Na wamefanya makusudi! Ule mji Wakatoliki na Waprotestanti walishauana sana, 1972 wanajeshi wa Uingereza walipiga watu risasi kwenye maandamano, na sanamu imewekwa miaka 20 baada ya hapo, vita ikiwa bado haijaisha, makubaliano yalikuja 1998. Mchongaji kaacha kinafasi kwa kuwa na hali yenyewe ilikuwa na kinafasi. Kijana akanitania, baba kumbe mlitengeneza sanaa ya Ulaya bila kujua. Nikamwambia tofauti ni moja, yule fundi wake alilipwa.

Lakini usiku nililala nikiifikiria. Maana kuna picha nyingine ya hapa hapa kwetu, mkoa huu huu, Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya mapangoni ambayo UNESCO wameiingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Tulipelekwa na shule nikiwa darasa la sita, lori la chama, tumesimama. Kuna mchoro wa watu watano wembamba kama njiti, wa katikati ni mwanamke, wanaume wawili huku wawili huku, wamemshika mikono. Mwalimu akasema wengine wanasema anatekwa, hawa wanamvuta na hawa wanamgombania, na wengine wanasema hapana, ni ngoma, amezidiwa na wenzake wanamshikilia asianguke. Darasa likagawanyika. Mi nilisema anatekwa. Sasa nina umri huu nikiangalia naona wanamshikilia, na mchoro ni ule ule. Maelfu ya miaka watu wa hapa katikati ya nchi walichora watu wameshikana mikono ukutani na hakuna aliyeandika chini yake ulizinduliwa na nani.

Wenzetu Norwei, Oslo, wana bustani nzima ya mtu anaitwa Gustav Vigeland, sanamu zaidi ya 200 na hakuna waziri hata mmoja, ni watu tu wako uchi, bibi, mtoto analia, baba anarusha watoto. Katikati kuna nguzo ya jiwe moja la matale, mita 14 hivi, watu 121 wamepandana kwenda juu. Nilivyoona picha nikasema huyu kaiba kwa Wamakonde! Kijana akasema hapana baba, huyu alitangulia, alianza kabla ya hao wa kwenu. Basi, nikanyamaza. Wachonga mawe watatu walifanya kazi hiyo kama miaka 14. Mi nilichoshika hapo ni neno matale tu. Maana Dodoma hii jiwe la matale hatuagizi, ukitoka nyumbani unajikwaa, Mlimwa pale limelala tu, akina mama wanakaa juani wanagonga kokoto kwa nyundo kutoka asubuhi, na sisi tukitaka sanamu tunatengeneza kwa saruji na nondo ya 6. Vijana wa kuchonga tunao. Fundi wa makaburi pale karibu na kwangu anachora ua kwenye jiwe utadhani litanukia.

Kama wakubwa wanasoma, ninachoomba sio kikubwa. Sasa hivi kuna vipilefti vipya vinajengwa, kuna barabara za mzunguko, kuna ule mji wa serikali Mtumba, mahali pa kuweka kitu papo pengi. Mkiweka, wekeni watu wawili au zaidi, wa kawaida, chini kabisa miguu yao ikanyage tunapokanyaga sisi, mama wa Kigogo na debe lake na kijana aliyeshuka treni jana, mkono ufikike mtoto aushike mpaka ung'ae. Na sio katikati ya kipilefti kwenye magari ambapo ukitaka kuigusa unagongwa, wekeni pembeni panapofikika kwa miguu. Na fundi alipwe, na nondo iwe ya 12, ipite moja kwa moja.

Wiki iliyopita nilikwenda Nipe Changu na grenda yangu na mashine, nimebeba kwenye guta, nimeamua nirekebishe bure, mzee Mmakonde alishafariki na sitaki jina lake libaki kwenye kazi iliyokatika. Nilipanga nisafishe kutu, nichomelee 12 mpya, tuurudishe ule mkono mahali pake. Nikakuta pale chini kuna mama ana banda la chai na chapati, mwanzo hakuwepo. Kafunga kamba ya katani kutoka nondo ya mwenyeji kwenda nondo ya mgeni, kaivuta ikakaza, kaanika vitambaa vyake vya meza na kanga mbili, vinapepea. Yaani wameshikana hivyohivyo.

Nikamsalimia, nikamweleza mama nimekuja kurekebisha hawa watu. Akaniangalia mimi, akaangalia mashine, akasema sawa baba, ni jambo jema, ila leo vitambaa vibichi, njoo Jumamosi. Nikaenda kwa mlinzi kuomba ule mkono, naye akaniuliza sasa mlango wangu nitazuilia nini.

Nimemtafutia jiwe. Jumamosi narudi.

Ni mimi,
Fundi wa kuchomelea, Chang'ombe, Dodoma.